Mwana Akitamani Jeshi
Vijana wetu wamalizapo kidato cha nne, wengi hutamani magwanda ya jeshi. Sisi mama zao wa Pwani, kabla ya kukubali au kukataa, huwauliza nia. Wengine hutaja mshahara, wengine heshima, wachache nchi yao. Hatuwafichi kwamba tangu Oktoba 2011 wanajeshi wetu wamepigana Somalia, na kwamba El Adde, Januari 2016, iliacha wajane na mayatima. Wala tusiuze dhahabu zetu kumlipa dalali: usajili ni bure, na rushwa ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji. Riziki iliyoanza kwa haramu hukosa baraka. Kijana na aswali istikhara, ashauriane na wazee wake, kisha amtegemee Mungu. Akienda, tutamsindikiza kwa dua.