Walinzi Watatu wa Kompyuta Moja

Ninaishi Mulago, kwenye mteremko ulio chini ya hospitali kuu, na kompyuta yangu ni kuukuu. Aliyeniuzia alikwisha kuitumia miaka kadhaa. Kila muhula huingiza humo alama za wanafunzi wangu, pamoja na majina yao na nambari za simu za wazazi. Jumamosi moja, siku mbili kabla ya kukabidhi alama hizo shuleni, faili hiyo ilitoweka.

Nilidhani ni kazi ya kirusi. (Msichanganye, wanafunzi wangu: kirusi kwa herufi ndogo ni huyu anayeharibu kompyuta, na wingi wake ni virusi, Kirusi kwa herufi kubwa ni lugha ya Warusi, ambao katika kisa hiki hawana hatia.) Dhana yangu haikukosa msingi. Maduka ya fotokopi ya Wandegeya, ninakochapisha mitihani, hupokea flashi za watu wengi kwa siku moja. Kwa hofu ya flashi hizo nilikuwa nimeweka kingavirusi mbili za bure, nikiamini kwamba kama mlinzi mmoja ni mwema, wawili ni wema zaidi.

Mlinzi wa tatu alikuwapo tangu zamani: VPN, programu inayoyapitisha mawasiliano yako katika kompyuta ya mbali kabla hayajafika yaendako. Raia wengi wa Uganda tunaifahamu. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii, na wengi wakaikwepa kodi hiyo kwa VPN. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa. Kisha intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa, na iliporudi, Facebook haikurudi nayo. Dada yangu hufanya kazi Dubai, na picha za wanawe huziweka huko. Basi nikachukua VPN ya bure, ya kwanza niliyoiona, bila kuuliza mwenyewe ni nani.

Kijana jirani yangu, fundi wa kompyuta, alikuja Jumapili jioni. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka.

“Mwalimu, hapa hakuna kirusi. Walinzi wako wanakamatana wenyewe.”

Alinieleza kwamba kingavirusi husimamisha kila faili inayofunguliwa ili iikague kwanza. Zikiwa mbili, moja ikifungua faili kuikagua, ya pili nayo huidaka faili ile ile, na kompyuta huzubaa. Faili yangu ya alama ilikuwa na amri ndogo za kujumlisha, nilizonakili kwa mwalimu mwenzangu. Kingavirusi ya kwanza ikazishuku, ikaifungia faili karantini. Alipoitoa, ya pili ikaikamata. Mlinzi aliyekuja na Windows yenyewe alikuwa amejizima alipoona wageni wamechukua zamu. Na VPN ilikuwa ikizuia masasisho, hata kingavirusi moja ilikuwa na wiki tatu haijapata habari za virusi vipya.

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonichoma ni swali aliloliuliza huku akifungasha vifaa vyake: “Na hizi simu za wazazi, wanajua umeziweka hapa?”

Sikuwa na jibu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sheria hiyo nimewahi kuifundisha katika somo la ufahamu, nikaitungia na maswali, wala sikufikiri kwamba inanihusu mimi na kompyuta yangu ya sebuleni. Tena nilikuwa mwepesi wa kuilaumu serikali kwa kufunga mlango, ilhali nimempa mtu nisiyemjua uwezo wa kuona kila tovuti ninayoitembelea.

Tuliziondoa programu zote tatu, tukamwamsha yule mlinzi wa Windows. Faili ilirudi nusu. Alama nyingine nilizinakili upya kutoka daftarini, na nikazikabidhi Jumanne, nimechelewa. Nambari za wazazi sasa zimo katika daftari lililofungiwa kabatini shuleni. Dada yangu hunipigia simu Jumapili. Picha za wanawe sijaziona tangu wakati huo, na mdogo wao, naambiwa, ameanza kutembea.