Jioni za Ndono na Zeze Bukundi

Bukundi ya utoto wangu ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, wilaya yetu ya Meatu ikahesabiwa huko pamoja na Bariadi, Maswa, Itilima na Busega. Miaka ya 1980, ninayoisimulia hapa, mtu wa Bukundi akisema anakwenda mjini alimaanisha Mwanhuzi, na akisema anasafiri alimaanisha Shinyanga au Mwanza. Upande wa Mto Sibiti na Ziwa Eyasi nchi ilikuwa ya migunga na mibuyu, na Wataturu walipita huko na ng'ombe wao. Kwetu kulikuwa mbuga: udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, nyufa zikapanuka hata mguu wa mtoto ukaingia.

Kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wa muziki. Pamba ikishachumwa na kupimwa, mtama ukishaingia ghalani, ngoma zilianza. Msukuma halimi kimya kimya. Vikundi vya kulimiana kwa zamu vina ngoma zao, na jembe linalorushwa juu katika ngoma ya bugobogobo ndilo lililotoka shambani. Kuanzia Juni hadi Agosti vikundi vilishindana, na kila mchezaji alijulikana kuwa ama wa Bagika ama wa Bagalu, pande mbili zilizoanzishwa karne ya 19 na Ngika na Gumha, wachezaji waliokuwa pia mabingwa wa dawa. Pande hizo zilicheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watu wakaliacha duara la mwenzake. Ndiyo maana kila kitu kilifanywa kikubwa: ngoma kubwa, sauti kubwa, vumbi kubwa, hata chatu akaletwa uwanjani ili watu wasigeuze macho.

Nilizipenda ngoma hizo na bado nazipenda. Lakini muziki ulionilea ulipigwa usiku, kwa watu wachache, katika kaya ya bibi yangu mzaa mama.

Kaya ile ilizungukwa na ua wa minyaa. Zizi la ng'ombe lilikuwa katikati, nyumba ya bibi upande wa machweo, na mbele yake mahali pa moto. Mjomba wangu alikuwa mpigaji wa ndono. Rafiki yake alikuwa mzee wa Kigogo aliyefika Bukundi akiwa kijana kutafuta kazi ya kuchunga, akaoa kwetu, akabaki. Alikuja na zeze. Wao wenyewe waliitana mtani, na matusi yao ya utani yalitangulia kila wimbo.

Ndono ni upinde. Mti mwembamba umekunjwa, ukavutwa kwa uzi mmoja, na kibuyu kilichokatwa mdomo kikafungwa mgongoni mwake. Uzi mwingine mfupi huushika ule mkuu na kuugawa pande mbili, kila upande na sauti yake. Mpigaji hugonga kwa kijiti chembamba huku mdomo wa kibuyu ukikikabili kifua chake. Akikibana kibuyu kifuani, sauti hufumba. Akikiachia kidogo, sauti nyembamba zilizokuwa ndani ya ile nene hutoka moja moja. Mtu aliyekaa hatua kumi mbele yake husikia kugonga tu. Ili kuzisikia zile nyembamba ilibidi ukae karibu, karibu kabisa, na wote mnyamaze.

Zeze la mzee lilikuwa kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye mpini mrefu na nyuzi mbili zinazosuguliwa kwa upinde mdogo. Kabla ya kupiga aliupaka upinde ulimbo wa mti, akaujaribu, akaupaka tena. Sauti yake ilikuwa ya puani kidogo, kavu, yenye kulalamika, na alipoimba ilimfuata mdomoni hata usijue wapi koo limeishia na wapi uzi umeanzia.

Miaka mingi baadaye nilielewa kwa nini watu wale wawili walipatana upesi hivyo. Kila uzi unaotikisika hutoa sauti zaidi ya moja. Chini kuna sauti mama. Juu yake zimepangana nyingine, ya pili, ya tatu, ya nne na kuendelea, kila moja nyembamba kuliko iliyoitangulia, na nafasi kati yao huzidi kusogeleana kadiri zinavyopanda. Wagogo wameujenga uimbaji wao juu ya ngazi hiyo, hasa kuanzia sauti ya sita hadi ya tisa na ya kumi. Ndono nayo huzipata sauti zake nyembamba humo humo. Mjomba na mtani wake hawakuzaliwa nchi moja wala hawakulelewa kwa lugha moja, lakini wakishakubaliana juu ya sauti mama, nyingine zote zilikuwa zimeshakubaliana zenyewe.

Aliyewaweka pamoja ni bibi. Hakupiga chombo chochote. Alasiri alimtuma mtoto mmoja: "Nenda kamwambie mjomba wako nimepika, na apite kwa mtani wake." Hilo lilitosha. Kulikuwa na ugali wa mtama, maziwa ya kibuyu, karanga, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Wageni walikula kwanza, bila kuharakishwa. Kisha bibi alisogeza vigoda karibu na moto, akachagua wa kukaa wapi: mwenye sikio zito mbele, watoto chini, vijana wenye gumzo nyuma. Mtoto akinong'ona, bibi alisema, "Nyamaza, wakubwa wanaongea." Alimaanisha vyombo. Aliyeshindwa kunyamaza alipelekwa akalale kwa ndama.

Hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza. Katika ngoma, anayecheza huangalia umati. Kwa bibi, mpigaji aliangalia mkono wa mwenzake. Mzee alipopandisha sauti, mjomba alikibana kibuyu kifuani na kubaki na mgongo wa wimbo tu, taratibu, mpaka mwenzake ashuke. Mzee alipochoka, aliuacha upinde juu ya uzi bila kuuvuta, na ndono ikaja mbele. Niliwahi kumwuliza mjomba anajuaje wakati wa kunyamaza. Akanijibu, "Mpwa wangu, ukimsikia mwenzio amepanda mti, wewe shika shina." Nimefundishwa na walimu wengi tangu siku ile, na sijapata maelezo bora ya namna watu wachache wanavyopiga muziki pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikwenda Unguja kikazi. Jioni moja nilipita Vuga nikasikia mazoezi ya Culture Musical Club, kikundi cha taarab kilichoanza mwaka 1958. Nilisimama dirishani. Kulikuwa na fidla kadhaa, udi, ganuni, akordioni, na nyuma yao chombo kikubwa cha umbo la fidla, kimekaa kati ya magoti ya mpigaji. Ilikuwa chelo. Chombo hicho kiliingia katika taarab kwa njia ya Misri, kutoka okestra kubwa za Cairo ambazo nyimbo na filamu zake zilisikilizwa na kutazamwa sana pwani yetu. Kilichonigusa ni namna ya upigaji. Mwimbaji alipopanda, chelo ilishika shina.

Mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, na siku zile kilikuwa katika jengo la forodha ya zamani. Nikaanza kwenda jioni, baada ya kazi. Chelo ina nyuzi nne zilizopishana kwa nafasi sawa, na haina alama shingoni za kukuonyesha pa kuweka kidole. Sikio ndilo linalokuongoza. Nilijifunza maqamu, ngazi za sauti za taarab, na nilijifunza pia muziki wa chemba wa Ulaya, ule wa wapigaji wawili, watatu au wanne wasio na kiongozi wa kuwapungia kijiti. Mtunzi Joseph Haydn, aliyeajiriwa na familia ya Esterházy mwaka 1761, aliukuza kuliko wengi kwa utunzi wake wa fidla mbili, viola na chelo. Muziki huo ulitungwa kwa ajili ya sebule, kwa wageni waliokaa karibu. Kwangu haukuwa mgeni. Nilikuwa nimekulia ndani yake, karibu na zizi la ng'ombe.

Kiangazi kimoja, nikiwa likizoni, niliipeleka chelo Bukundi. Niliikatia tiketi yake kama abiria, kutoka Mwanza hadi Bariadi, kisha tukashuka Meatu katika vumbi. Hewa ya kwetu ilikuwa kavu mno kwa mbao zilizozoea unyevu wa Unguja. Vigingi vililegea, nyuzi zikashuka zote, nikakaa nazo alasiri nzima. Mjomba alikuwa amezeeka. Mzee wa Kigogo alikuwa amezeeka zaidi, lakini alipoletwa alinusa upinde wangu kabla ya kunisalimu. "Huu ni ulimbo," alisema, akacheka kwa furaha kama mtu aliyekuta jamaa yake ugenini.

Bibi alikuwa bado ndiye mwenyeji. Alipanga vigoda. Nikapiga kwanza peke yangu utangulizi wa ile ya kwanza kati ya suti sita za chelo za Johann Sebastian Bach. Nilipomaliza, bibi aliuliza, "Huyu anaimba habari za nani?" Kwetu wimbo husifu mtu au humsema mtu. Nikamjibu, "Haina maneno, bibi." Akafikiri, akasema, "Basi ametuachia sisi tuyatafute." Akaniomba niirudie.

Kisha tukapiga watatu. Kupatana kulichukua muda, maana ndono haiwezi kuifuata chelo. Chelo ndiyo iliyopaswa kuifuata ndono. Nilishusha uzi wangu mpaka ukakutana na sauti mama ya mjomba. Baada ya hapo sikuzikandamiza nyuzi kwa vidole, nilizigusa kwa wepesi tu, katikati, kisha theluthi, kisha robo, na kila mguso ukatoa sauti moja ya ile ngazi. Sauti ya saba haimo kabisa katika kinanda. Iko chini ya ile ya karibu yake kwa kiasi cha theluthi ya nusu-sauti, na masikio yaliyofunzwa kwa kinanda huiona imepotoka. Mzee aliimba juu ya sauti hiyo hiyo, bila kusita, na uzi wa chelo ukaitikia, kwa kuwa imo ndani yake kwa maumbile. Tulipiga mpaka moto ukabaki makaa. Kwa muda mwingi kazi yangu ilikuwa kushika shina, na sijawahi kufurahia kazi kuliko hiyo.

Bibi na wapigaji wale wawili wameshafariki. Ngoma Bukundi hazikufa. Bagika na Bagalu wana watoto wa kuwarithi, na kila mwezi wa Juni sikukuu ya Bulabo huwakutanisha wachezaji kule Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Ushindani huilinda ngoma, maana hakuna anayekubali upande wake ushindwe kwa kukosa wachezaji. Ndono haina wa kushindana naye. Haikuwahi kuwa na uwanja, wala jezi, wala kombe. Ilikuwa na mwenyeji, na mwenyeji alipoondoka, mlango wake ulifungwa.

Hata zile suti za Bach ziliponea chupuchupu. Maandishi ya mkono wake mwenyewe yalipotea; kati ya nakala zilizobaki imo ya mke wake, Anna Magdalena. Kwa muda mrefu watu walizichukulia kuwa mazoezi ya vidole, mpaka mwaka 1890 Pablo Casals, mpigaji chelo wa miaka 13, alipoikuta nakala iliyochapishwa katika duka kuukuu la muziki Barcelona. Alizifanyia kazi kwa miaka kumi na miwili kabla ya kuzipiga hadharani, na kati ya 1936 na 1939 akazirekodi. Zeze nalo lilimpata Hukwe Zawose, mwimbaji na mpigaji wa Kigogo. Mwalimu Nyerere alimleta Dar es Salaam miaka ya 1960, naye akaja kufundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Hadi anafariki mwaka 2003, sauti ya Kigogo ilikuwa imesikika Ulaya na Marekani. Wote hao walikuwa na vipaji vikubwa, na wote walipata mtu wa kuwafungulia mlango: Bach alikuwa na mtawala wa Köthen, Zawose alikuwa na rais wa nchi.

Mjomba alikuwa na bibi, na kwa miaka ile bibi alitosha. Hakuhitaji bajeti ya wizara kupika ugali na kusogeza vigoda. Ndiyo maana siamini tunapoambiwa kwamba muziki wa namna hii umekosa wasikilizaji. Watu wachache ndio wasikilizaji wake halali. Kilichokosekana ni wenyeji. Kibuyu bado kinaota Bukundi, mti wa mkole bado unakunjika, na katika vijiji vya Meatu wapo wazee ambao mikono yao inakumbuka. Anayewataka awaalike nyumbani kwake, awalishe, awakalishe karibu na watoto, na awanyamazishe watoto hao. Mimi nimeanza kufanya hivyo kwangu, na kila ninapomwalika mpigaji namwomba aje na mwenzake.