Buibui walinzi wa mpunga wa Java

Nje kidogo ya mji wa Yogyakarta, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, mashamba ya mpunga yanafika hadi kwenye nyumba za watu. Kaskazini unaonekana mlima Merapi, volkeno iliyo hai. Mgeni akisimama kwenye kingo za majaruba na kuchungulia mashina, juu kidogo ya maji, ataona buibui wadogo wa kahawia. Hawa hawatandi utando na kungoja. Huwinda kwa kukimbia.

Kuna wakati walipungua sana. Mwaka 1984 Indonesia ilijitosheleza kwa mchele, na wakulima walikuwa wakipulizia sana dawa za wadudu, kwa kuwa serikali ilizitolea ruzuku. Miaka miwili baadaye, mashamba mengi ya Java yalikauka kama yaliyounguzwa na moto.

Mharibifu alikuwa mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga. Jike lake hutaga mayai ndani ya shina, mahali ambapo dawa haifiki. Dawa iliwaua buibui, kisha mayai yakaanguliwa shambani kusiko na adui.

Novemba 1986, Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Kuanzia 1989, wakulima walikutana shambani kila wiki, wakahesabu wadudu waharibifu na wadudu rafiki kabla ya kuamua la kufanya. Waliotesha mpunga kwenye chombo, wakaufunika kwa chandarua, wakaingiza buibui na yule mharibifu, wakatazama nani anamla nani. Baadaye mafunzo hayo yalifika Afrika Mashariki, yakajulikana kama shamba darasa.

Mzazi mwenye bustani ya sukuma wiki anaweza kuyafanya na watoto nyumbani. Chukueni jani lenye vidukari, lisilopuliziwa dawa, mliweke kwenye chupa pana. Ongezeni mdudu mmoja wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, kisha mfunike kwa kitambaa chepesi. Hesabuni vidukari jioni, na tena asubuhi. Mkimaliza, mrudisheni mlinzi huyo bustanini.

Mtoto aliyeona hivyo hatamponda tena kila mdudu anayemkuta kwenye mboga. Na mzazi naye atachunguza majani kwanza, kabla ya kubeba bomba la dawa.