Chupa ya 8,000, Sado ya 1,700

Mnaofuatilia kurasa za nywele asilia mtandaoni, dada wa aina hii mnamjua. Picha safi, kitenge kimetandikwa nyuma, chupa ndogo ya mililita 100 mkononi, na chini yake maneno "mafuta ya mise orijino, moja kwa moja kutoka Kigoma". Bei 8,000, delivari juu yako. Huyu wa kisa hiki anakaa Sinza, na mambo yalimnyookea mpaka akaacha kazi ya kaunta kwenye duka la simu.

Kwa wale ambao mise wanaiona kwenye chupa tu: chikichi moja lina mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje ndiyo inayotoa mawese, yale mekundu ya kupikia maharage. Ikishakamuliwa inabaki kokwa ngumu kama jiwe. Ndani ya kokwa kuna kiini, hicho ndicho mise, na mafuta yake si mekundu na wala si ya ladha ile. Tabia yake inafanana sana na mafuta ya nazi, yanaganda kukiwa na baridi na yanatoa povu zuri kwenye sabuni. Ndiyo maana watengeneza sabuni wa Kigoma walikuwa wakiyagombea miaka mingi kabla ya sisi wa mjini kugundua kwamba tuna nywele kavu.

Dada alikuwa na dalali wake Kigoma, kijana mmoja wa pikipiki, hawajawahi kuonana uso kwa uso. Dalali ananunua mise vijijini, anapeleka kukamuliwa, anapakia dumu za lita 20 kwenye basi, dada anazipokea stendi. Lita ilikuwa 6,500. Sasa wauza mafuta wakawa wengi mjini, kila ukifungua simu kuna mwingine anauza 7,000, mwingine 6,000 na kitana cha bure. Dada akapiga simu Kigoma. Akabana, akalalamika, akatishia kuhamia kwa dalali mwingine. Mwisho kijana akakubali 6,000. Siku hiyo dada aliposti emoji za kucheza.

Miezi miwili baadaye akapanda basi kwenda Kigoma kumsalimia bibi yake, mzaa mama. Tuseme ukweli, alikwenda pia kutafuta kontenti. Kwenye ukurasa wake alikuwa ameshaandika mara kibao kwamba siri ya mafuta alifundishwa na bibi, na wateja walikuwa wanaomba kumwona huyo bibi. (Bibi mwenyewe hakuwahi kumfundisha chochote. Dada amezaliwa Temeke na Kigoma alikuwa amefika mara mbili.)

Bibi anakaa kijiji kimoja nje kidogo ya Mwandiga. Michikichi ya ukoo ni ile ya zamani, mirefu, ya kupandwa kwa mkanda, na machikichi yake yana kokwa kubwa na nyama nyembamba. Mawese ya pale ni mali ya babu na wanawe. Wao ndio wanaokata mikungu, wao ndio wanaouza madumu. Kokwa zinazobaki wanaachiwa wanawake. Bibi anazianika juani, zikikauka anakaa chini, jiwe moja chini na jingine mkononi, anagonga moja moja. Akigonga kwa nguvu sana kiini kinasagika, na kiini kilichosagika mnunuzi anakikataa. Akianza asubuhi, kufika jioni amejaza sado moja. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki tena.

Dada akarekodi video nzuri sana, jua la saa kumi, mikono ya bibi kwa karibu. Halafu akauliza, ili aweke kwenye maelezo:

"Bibi, sado moja wanakupa shilingi ngapi?"

"Ilikuwa 2,000. Siku hizi 1,700."

"Mbona wameshusha?"

"Mnunuzi anasema huko Dar kuna tajiri wao amebana. Sasa mjukuu wangu, tajiri akibana, sisi tutambana nani?"

Bado hakushtuka. Dar kuna matajiri wengi. Alishtuka jioni, pikipiki ilipoingia uani na kijana akaanza kusalimia. Sauti ile alikuwa anaisikia kwenye simu kila wiki. Nyuma ya pikipiki kulikuwa na dumu la njano lenye jina la ukurasa wake, limeandikwa kwa maka peni nyeusi.

Piga hesabu mwenyewe. Sado moja ya mise, kwa mashine za kule, inatoa karibu lita moja ya mafuta. Lita moja ni chupa kumi. Chupa kumi ni 80,000. Toa chupa tupu, stika, basi, bando, wa bodaboda, na hao wateja wanaosema "nakutumia kesho" tangu mwaka jana. Bado pale katikati kuna hela, na aliyekaa juani siku nzima ana 1,700. Ile 500 aliyoipunguza dada kwa simu akiwa amelala kitandani, 300 yake ilikuwa imetoka kwenye sado ya bibi.

Usiku dada akaja na suluhisho ambalo kila mtu wa mjini angekuja nalo: dalali atolewe. Bibi na wenzake wauze kwake moja kwa moja, 3,000 kwa sado. Alitegemea vigelegele.

Bibi akamuuliza, "Utanilipa lini?"

"Nikiuza, bibi. Wiki mbili, tatu hivi."

"Yule ananilipa jioni hiyo hiyo. Babu yako alipolazwa, alinipa 60,000, nikamlipa kwa mise mpaka ikaisha. Mwaka ambao hakuna aliyezitaka alikuja akachukua. Wewe wateja wako wakichoka na haya mafuta, utakuja?"

Dada hakuwa na jibu, na hapo bibi hakuwa anamsema vibaya, alikuwa anauliza kama mfanyabiashara anavyouliza. Akaongeza jambo jingine. Tangu kampeni ya chikichi ya mwaka 2018, watu wanapanda miche mipya ya tenera inayozalishwa kituo cha utafiti cha Kihinga. Inazaa mapema, ina nyama nene, mawese yanatoka mengi. Wanaume wanaifurahia, na wana haki. Lakini ganda la kokwa yake ni jembamba na kiini ni kidogo. Bibi alikuwa ameshaanza kujiuliza kwenye mkungu wa namna hiyo wanawake watabakiwa na nini, na katika mikutano yote aliyohudhuria hakusikia mtu akiligusa.

Kesho yake wakakaa watatu, bibi, dada na dalali. Kijana naye alikuwa na lake: mafuta ya petroli, mwenye mashine, na magunia aliyowahi kupoteza kwa kuvunda njiani. Walibishana mpaka chai ikapoa. Lita ikarudi 6,500 na nyongeza ya 300, sado ikawa 2,300, taslimu jioni kama kawaida, na dada akaacha 100,000 mkononi mwa bibi ya kuwakopesha wagongaji wenzake mtu akikwama. Kuhusu video, bibi alisema sura yake isiwekwe, mikono tu.

Dada aliporudi Sinza akapandisha chupa mpaka 9,000 na kuiposti ile video ya mikono. Ilipendwa kuliko zote alizowahi kuweka. Chini yake, mteja wake wa tangu siku za mwanzo akaandika: "Mmeanza tamaa sasa." Akafuta uamuzi wa kumfuata.