Kuni za Miaka Miwili

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu huelezwa kwa upande wa mwenyeji, kana kwamba ni yeye tu mwenye haja ya kuona mgeni akishika kazi. Lakini wapo pia wageni ambao hupata nafuu wanapokabidhiwa jembe, kwani tangu hapo hujua kuwa wamehesabiwa. Mimi sikupewa jembe. Niliuziwa kuni, na biashara hiyo ndogo ikanilazimisha kujibu swali nililokuwa nikilikwepa kwa miaka ishirini.

Mwaka 2019 mume wangu alistaafu, nasi tukahama Paris kwenda kuishi katika nyumba waliyoiacha wazazi wake, katika kijiji kimoja cha jimbo la Haute-Saône, mashariki mwa Ufaransa. Ni nchi ya misitu na malisho ya ng'ombe. Nyumba yenyewe ni ya mawe, kuta zake nene, na jiko la chuma la kuni ndilo linaloipasha joto yote. Baridi huanza kuuma mwezi Novemba na haiachii mpaka Machi. Katika nyumba ya namna hiyo, asiye na kuni hana nyumba.

Kuni si kitu kigeni kwangu. Nilizaliwa kijijini Muheza, mkoani Tanga, na kabla sijajua kusoma nilikwisha jua kujitwika mzigo wa kuni juu ya ngata. Mama yangu alikuwa na uchaga juu ya mafiga, na kabla masika hayajaanza uchaga huo ulikuwa umejaa matawi ya michungwa na miembe, ili mvua ikinyesha wiki nzima tusikose moto. Kwa hiyo mzee muuza kuni wa kijiji chetu kipya alipoanza kunieleza kuni kavu ni zipi, niliokota vipande viwili katika rundo lake nikavigonganisha. Kuni kavu hulia kwa sauti kali. Kuni mbichi hutoa mlio mzito, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mzee alinyamaza, akatabasamu, na tangu siku hiyo tukazungumza kama watu wa kazi moja.

Hata hivyo, yalikuwapo mengi ya kujifunza. Huko kuni hazinunuliwi kwa mzigo wala kwa fungu. Hununuliwa kwa kipimo kiitwacho stère, kilichowekwa na sheria ya mwaka 1795, wakati Wafaransa walipokuwa wakibadili vipimo vyao vyote. Stère moja ni rundo la magogo ya urefu wa mita moja, lililopangwa upana wa mita moja na kwenda juu mita moja. Ukiyakata magogo hayo vipande vya sentimita 33 na kuvipanga upya, rundo hupungua hadi kiasi cha saba ya kumi ya ukubwa wake wa kwanza. Hakuna aliyeiba, ni kwamba vipande vifupi hulaliana vizuri zaidi na nafasi za hewa hupungua. Kipimo hicho si halali tena katika biashara tangu mwisho wa mwaka 1977, lakini vijijini kila mtu hukitumia. Ndiyo maana ni vema kumjua anayekuuzia, na yeye akujue.

Halafu kuna suala la maji. Mti uliokatwa karibuni hubeba maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia jikoni, moto hupoteza nguvu kwa kuyachemsha maji hayo, na moshi wake huacha ndani ya dohani masizi mazito kama lami, ambayo siku moja yanaweza kushika moto na kuteketeza nyumba. Kuni nzuri ni zile ambazo maji yake hayafiki asilimia 20. Mwaloni uliopasuliwa huhitaji kama miaka miwili ya upepo ili kufikia hapo.

Basi, msomaji, sasa utaelewa swali aliloniuliza mzee yule huku akijipangusa mikono. "Mama," alisema, "unataka za mwaka huu au za mwaka 2021?"

Lilikuwa swali la biashara tu. Kuni kavu zilikuwa ghali. Mbichi zilikuwa rahisi, kwa kuwa kazi ya kuzitunza ingekuwa yangu. Lakini nilisimama pale uani kwake nikakosa jibu. Kwa miaka ishirini ya Paris niliishi katika nyumba za kupanga, ambamo joto lililipwa pamoja na kodi. Sikuwahi kununua chochote ambacho kingenifaa baada ya miaka miwili. Kila nilipompigia simu mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, utarudi lini?" nami kila mara nilimjibu, "Mwakani, Mungu akipenda." Sikuwa nikimdanganya. Niliamini hivyo, na imani hiyo ndiyo iliyonifanya niishi kama msafiri aliyekaa kituoni. Kununua kuni mbichi kulikuwa ni kusema kwa kinywa changu kwamba mwaka 2021 nitakuwa pale.

"Mzee," nikamwambia, "nipe stère kumi kavu na kumi mbichi."

Jioni ile nilimpigia mama. Nilimweleza kwamba nimenunua kuni za miaka miwili. Alikaa kimya kitambo, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Umezifunika?" Nikamjibu bado. Akasema, "Funika juu tu. Ubavuni ziache zipigwe na upepo, na chini weka magogo zisiguse udongo." Ndivyo hasa alivyoniambia yule mzee wa Haute-Saône, ambaye hajawahi kuiona Muheza. Siku hiyo mama hakuniuliza nitarudi lini.

Mwaka uliofuata nilijifunza jambo jingine. Vijiji vingi vya sehemu ile vina misitu yake, na wakazi wana haki ya zamani ya kupata kuni humo kwa matumizi ya nyumbani. Haki hiyo huitwa affouage. Baraza la kijiji huandika orodha, na mwenye kuandikwa ni yule mwenye makazi ya kweli na ya kudumu kijijini. Haulizwi amezaliwa wapi. Wanakijiji watatu huwa wadhamini wa kazi yote, na kuni hizo haziruhusiwi kuuzwa. Aghalabu mgawo hufanywa kwa kila foyer, neno lenye maana ya jiko na pia ya familia. Sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa hilo, kwani kwetu mwanamume akioa husemwa kuwa amepata jiko. Mwaka 2020 familia yetu iliandikwa, na jina lililowekwa ni langu.

Katika fungu letu mlikuwa na miti mingi iitwayo frêne. Mti huu unauawa na ugonjwa wa ukungu ambao kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa ulionekana mwaka 2008, katika jimbo lile lile la Haute-Saône. Kuni zake ni nzuri, lakini wazee huzipasua bila furaha.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi na umeme, watu wengi Ulaya walikimbilia kuni. Yalikuja magari kutoka mijini, yenye watu waliokuwa tayari kulipa bei yoyote. Mzee wetu aliwahudumia kwanza waliozoea kununua kwake, na kwa bei waliyoizoea. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kuni za mbali haziwashi jiko la leo. Mimi nilikuwa nimekwisha panga zangu ukutani, zimekauka.

Sisemi kwamba nimesahau kwetu. Mwenda kwao si mtoro, nami kila mwaka huenda Muheza. Mama amezeeka, na umbali ule unaniuma leo kuliko zamani, kwa kuwa siwezi tena kujifariji kwa neno "mwakani". Ukweli una gharama yake, nami ninailipa. Lakini tangu nilipoacha kuahidi, mazungumzo yetu yamekuwa ya watu wawili wanaoelezana maisha yao jinsi yalivyo. Siku hizi, baridi ikikaribia, yeye ndiye hupiga simu, na swali lake la kwanza ni kama kuni zimetosha.