Kumbe Nimemchonga Mume Wangu!

Mume wangu aliikuta picha ukutani, nyumbani kwa mama, Kaloleni. Akaitazama weee, halafu akauliza, "Huyu mwanaume mbona ana pua yangu?"

Nikakosa jibu. Kweli, ni pua yake.

Ngoja nikueleze, msomaji. Mama alipozidiwa nilirudi Arusha kumuuguza, mume akabaki Dar na kazi yake. Tulikubaliana wiki mbili; ikawa miezi minne. Usiku mama akishalala, mimi nachonga kwenye kipande cha lino kwa patasi ndogo. Mashine ya kuchapia sina, hivyo nilipaka wino, nikalaza karatasi juu, nikaisugua kwa nyuma na kijiko cha kulia mpaka kiganja kikauma.

Niliyemchonga ni Persephone, malkia wa wafu wa Wagiriki. Hades, mfalme wa kuzimu, alimteka akamfanya mke. Mama mtu, Demeter, ndiye mungu wa mazao. Kwa uchungu akaacha mashamba yakauke. Binti aliporuhusiwa kutoka, ikajulikana ameshaonja mbegu za komamanga kule chini. Basi ikaamuliwa: sehemu ya mwaka kwa mume, sehemu kwa mama. Mlioolewa mbali na kwenu mnanielewa.

Marehemu George Lilanga, aliyefariki 2005, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, akaja kuchora na kuchapa mashetani ya Kimakonde yenye masikio makubwa na vicheko. Nayapenda mno. Ila wangu sikutaka acheke wala atishe. Nilitaka mke tu, amechoka.

Sasa lino ina kawaida ya kugeuza kila kitu. Komamanga nililoweka mkono wa kulia likatokea kushoto. Mama alipoiona tu: "Mwanangu, huyu binti anakula kwa kushoto? Kwao hawakumfunza?" Tulicheka hadi akashikwa na kikohozi.

Mume wangu hakucheka. "Kwa hiyo mimi ndiye wa kuzimu?" Kisha, taratibu, "Utarudi lini?"

"Mvua zikiisha."

Sauti ikatoka chumbani. "Mwambie ukweli, mwanangu."

Kimya. Sote watatu tulijua nitarudi lini.

Hakuuliza tena. Alikunja mikono ya shati, akavuta kiti mezani, akaomba kijiko.