Nyuso za Wavuvi

Bill Atkinson alipofariki Juni 5, 2025, nilimtaja mbele ya mpwa wangu anayesomea kompyuta Homa Bay. Hakumjua. Nikataja HyperCard, programu aliyoibuni Atkinson, nayo hakuijua. Akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, kwani kuonyesha picha kwenye kompyuta ilikuwa kazi gani?" Kijana amekuta picha zikifunguka zenyewe, na simlaumu. Lakini swali lake linastahili jibu.

Apple ilitoa HyperCard Agosti 1987, na kila aliyenunua Macintosh mpya aliipata bila malipo ya ziada. Ukurasa wake uliitwa kadi, na kadi nyingi pamoja zilikuwa rundo. Uliweka kwenye kadi maandishi, picha na vitufe. Ukibofya kitufe, unarukia kadi nyingine. Wakati huo tovuti ya kwanza duniani ilikuwa haijaandikwa.

HyperCard ilitufikia miaka michache baadaye, upande wa Mbita, ndani ya kompyuta ya mtafiti mmoja wa samaki niliyekuwa nikimsaidia. Alitaka rundo la samaki wa ziwa: ngege, mbuta, omena, na fulu, ambao tangu mbuta azidi walikuwa wakipotea aina baada ya aina. Ukibofya samaki, unapelekwa kwenye ufuo anakovuliwa. Ukibofya ufuo, unawaona wavuvi wenyewe.

Kioo cha mashine ile kilikuwa na vidoti 512 kwa 342, na kila kidoti kilikuwa ama cheusi ama cheupe. Kijivu hakikuwepo. Ili jicho lidhani linaona kijivu, vidoti vyeusi vilitawanywa katikati ya vyeupe, na njia tuliyotumia kuvitawanya ilikuwa ya Atkinson mwenyewe. Kidoti kikishafanywa cheusi au cheupe, tofauti iliyobaki kati yake na rangi ya kweli hugawiwa majirani zake. Atkinson aliwagawia robo tatu tu, robo moja akaiacha ipotee. Picha zenye mwanga zilitoka zinang'aa, lakini penye kiza kizito palikuwa peusi tii.

Kwa samaki ilipendeza. Mbuta alitoka na magamba yake yote. Kwa wavuvi ilikuwa huzuni: wanaume niliowajua kwa majina, wenye makunyanzi ya jua na makovu, waligeuka madoa meusi yenye meno. Mtafiti aliona picha imekubali. Mimi niliona jirani zangu wamefutwa.

Ndipo nikazibeba negativu za picha zao hadi nyumbani Migori, kwa barabara ya vumbi mpaka Homa Bay, kisha matatu ya Rongo. Huko palikuwa na studio ya picha, chumba kimoja kando ya barabara kuu iendayo Isebania. Mbele palikuwa na pazia lililochorwa ndege na minazi, kiti kimoja, na koti la kuazima kwa wasio na koti. Nyuma, chumba cha giza. Harufu ya mle ndani ilikukuta mlangoni: kali kama siki, ikichanganyika na mafuta ya taa kutoka kwa jirani aliyeyauza kwa chupa. Nikiisikia leo popote, nitaijua.

Mwenye studio alikuwa mtu wa maneno machache. Nilimweleza shida ya vidoti. Kompyuta hakuwa ameiona, lakini shida aliielewa mara moja. Karatasi na filamu, alisema, vilimsumbua vivyo hivyo tangu ujana wake. Chini ya taa nyekundu aliweka negativu, akawasha mwanga, na huku akihesabu kwa sauti ya chini akapitisha kiganja juu ya uso wa mvuvi, akikitikisatikisa ili kivuli kisiache alama. Pale mwanga ulipozuiwa, karatasi ilibaki nyeupe zaidi. Ilipotiwa kwenye dawa, uso ulijitokeza polepole: kwanza kofia, halafu shavu, halafu kovu juu ya jicho. Alikunja uso, akaitupa karatasi, akarudia. Kila mvuvi alipewa hesabu yake, kwa sababu, alivyosema, hakuna weusi wa watu wawili unaofanana.

Picha hizo ndizo zilizoingia kwenye kadi, na wavuvi wakaonekana. Nadhani Atkinson, aliyependa upigaji picha hadi baadaye akaufanya kazi yake, angemheshimu mtu yule.

Katika HyperCard ya kwanza picha iliingizwa ndani ya kadi yenyewe, kwa hiyo haikupotea njiani. Rangi zilipokuja, picha iliweza kukaa katika faili yake nje, na programu ikaiita kwa jina. Ukihamisha faili, jina linaita bure. Vyuo vya kompyuta vilipoenea Migori mwishoni mwa miaka ya 1990, picha moja ya rangi kamili ya vidoti 640 kwa 480, isiyobanwa, ilichukua zaidi ya nusu ya disketi. Kisha zikaja saiba, simu, WhatsApp.

Sasa picha ni nyingi na hakuna anayezitazama. Nenda mazishini kokote kati ya Rongo na Kendu Bay ushike kitabu cha ibada: marehemu amevutwa hadi uso umekuwa mpana kama sinia, ili tu nafasi ijae. Wengine wamepaushwa na simu mpaka mama mzazi hawezi kumtambua mwanawe. Inaniuma. Mashine ya leo ina mamilioni ya rangi, na bado tunazika watu chini ya nyuso zisizo zao, kwa kuwa aliyeweka picha hakujali kuitazama.

Apple iliacha kuuza HyperCard mwaka 2004. Disketi zetu zilishika ukungu na hazisomeki tena. Picha za karatasi za mzee yule zingali safi, na negativu zake pia. Kama mtaani kwenu Migori au Homa Bay kuna studio ya zamani inayofungwa au kubomolewa, waombeni wenyewe negativu kabla hazijachomwa, na muwaulize wazee majina ya waliomo wakati bado wanawatambua.